Nyasi Hazikufika Mlangoni

Nianze na kosa, maana nikianza na mazuri nitajisifu na kosa nitalisahau. Nilimchukua mtoto wa mnyama ambaye mama yake hakuwa amemwacha. Nilimchukua kwa heshima, nikambeba kwa mikono miwili kama mtu anavyobeba mtoto wa ndugu yake. Lakini ulikuwa wizi vilevile.

Daftari la siku zile ninalo bado. Huwa naandika jioni baada ya kufunga mbuzi, mambo madogo tu: kuku aliyeanza kuatamia, mvua iliyoangusha mgomba, nani alipita akasalimia. Nilisoma mpaka darasa la saba, na sijui kama ninayoandika yanafaa kusomwa na mtu mwingine. Ila nikizirudia zile siku tatu naona niliandika kweli, hata pale ambapo kweli hainipendezi. Basi nanakili hapa, na kuongeza yale ambayo siku zenyewe sikuwa na nafasi ya kuyaandika.

Ilikuwa Alhamisi, na wageni walikuwa waje Jumamosi.

Binti yangu ni fundi cherehani huko Bukoba, anaishi Kashai kwa shangazi yangu. Mchumba wake ni kijana wa Kibeta, hukohuko mjini, na wazazi wa kijana walikuwa waje hapa kwetu Ijumbi kwa mara ya kwanza, watuone na tuwaone. Mume wangu alishughulika na viti na kuazima sufuria kubwa. Mimi nilikuwa nimeamua jambo moja: sebule itatandazwa nyasi, kama mama yangu alivyokuwa akifanya akitarajia wageni wa maana. Nyasi laini, mbichi, zinakatwa kwenye rweya, ule uwanda wa majani ulio nje ya vibanja vyetu vya migomba. Unazitandaza kuanzia ukuta wa ndani mpaka mlangoni. Mgeni anavua viatu, anakanyaga pole pole, na nyumba nzima inanukia. Siku hizi tuna sakafu za saruji na mazulia ya plastiki, wengi wameacha.

Binti aliposikia alinipigia simu. "Mama, wale ni watu wa mjini. Watafikiri tumewatandikia ng'ombe."

"Waje wafikiri wakiwa wamekaa," nikamwambia.

Saa kumi jioni nikachukua mundu na ngata nikaenda. Nilikata mzigo wa kwanza nikaupeleka nyumbani, nikarudi nikakata wa pili nikaupeleka pia. Wa tatu nilisogea upande wa bondeni, pale vichaka vinapoanza, kwa sababu nyasi za pale hazijakanyagwa na ng'ombe. Nilikuwa nimeinama nakata, mkono wa kushoto unakusanya, wa kulia unavuta, bila kufikiri chochote. Halafu kati ya mashina ya nyasi nikaona jicho.

Mundu ulisimama. Kutoka kwenye ncha yake mpaka kwenye mguu wa yule mnyama hapakuwa na zaidi ya kiganja. Hadi leo nikikumbuka kiganja kile namshukuru Mungu, maana si mimi niliyeusimamisha mkono, sikuwahi kuamua.

Alikuwa mtoto wa pongo. Amejikunja duara, masikio ameyalaza mgongoni, rangi ya udongo mwekundu na madoadoa meupe ubavuni kama mtu aliyenyunyiziwa unga. Hakukimbia. Hakutikisa hata sikio. Aliniangalia tu.

Hapa lazima nieleze, kwa asiyetoka huku. Kila ukoo wa kwetu una muziro wake, mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali wala hawadhuru. Unaurithi kwa baba. Wa kwetu ni engabi, yaani pongo. Nilipokuwa mdogo, baba akimwona pongo kwa mbali alivua kofia. Hakutueleza sana, alivua tu kofia, nasi tukajua. Nilipoolewa niliingia kwenye ukoo ambao muziro wao ni tumbili. Nimemwambia mume wangu mara nyingi kwamba ule ni mwiko mwepesi mno, kwa sababu tumbili hata asiyekatazwa hamli.

Basi nikasimama pale na mundu mkononi, natazama huku na huku. Uwanda ulikuwa mtupu. Hapakuwa na pongo mkubwa wala unyayo niliouona. Mbali kidogo nikasikia mbwa wa jirani wakibweka. Nikasema moyoni, huyu ametupwa, na kama nikimwacha hapa wale mbwa watamla, na mimi binti wa ukoo wangu nitakuwa nimemwona nikampita. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilifungua kanga ya pili niliyojifunga, nikamfunika, nikambeba. Mzigo wa tatu wa nyasi niliuacha palepale haujafungwa.

Mume wangu alikuwa bandani anatengeneza hori.

"Umeleta nini?"

"Ndugu yangu."

Akafuta mikono, akafunua kanga, akatazama. Halafu akainama kidogo kama anavyowasalimu kaka zangu. "Kasinge waitu, shemeji. Karibu kwetu. Mbona umekuja mikono mitupu?"

"Usimtanie, ana njaa."

"Na mimi nina njaa. Kwetu sisi shemeji wa namna hii anaingia kwenye sufuria, na sufuria nimeshaazima."

Nisimsingizie. Alisema hivyo mara moja, akacheka, na hakurudia tena. Na kazi yote iliyofuata jioni ile alifanya yeye. Tulikuwa na mbuzi mmoja jike, mweusi, aliyezaa siku kumi kabla, mkorofi ajabu. Mimi mwenyewe nikimkamua hunipiga teke, ndoo ikaenda upande wake na mimi upande wangu. Mume wangu alimkamua kidogo, akampaka yule mtoto wa pongo maziwa mgongoni na mkiani, kisha akamshika mbuzi pembe na kumfunika macho kwa kiganja. Mbuzi alinusa. Akanusa tena. Akaanza kulamba maziwa yake mwenyewe kwenye mgongo wa mtoto asiye wake, na mtoto akapenyeza kichwa chini ya tumbo, akasukuma mara mbili, akashika titi.

Mbuzi yule, aliyenipiga teke mimi ninayemkatia majani kila siku, alisimama kama nguzo.

Nilimwona mtoto ana kupe masikioni. Nikachukua kitambaa na kipande cha sabuni ya mche nikamfuta mwili mzima, mpaka akang'aa. Nilijiona nimefanya vizuri sana. Nimeandika daftarini: "Sasa ni msafi, ananukia."

Ijumaa asubuhi habari ilikuwa imeshatembea. Wanawake wawili waliokuwa wanakwenda kuchota maji walitua ndoo zao mlangoni kwangu.

"Tumesikia ukoo wenu umetangulia kwenye posa," mmoja akasema.

"Umekuja kuhakikisha mahari," akaongeza mwenzake.

Nilicheka, na niliandike hili pia: nilifurahi. Watu walikuja, wakachungulia bandani, wakaniangalia mimi kwa namna ambayo hawaniangalii siku zote. Nilianza kujiona kama mtu aliyechaguliwa. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kumfuga. Nilimwona kabisa, kesho yake, wageni wa Kibeta wamekaa kwenye nyasi zangu, na mtoto wa pongo anapita katikati yao, na mimi nasema kwa sauti ya chini, "Aa, huyo ni wa kwetu." Nilikuwa nimepanga hata sauti.

Karibu saa tano alikuja jirani, yule mwenye mbwa. Ni mtu mzima, anayeishi peke yake ng'ambo ya kibanja chetu. Siandiki kwamba ni mwindaji, kwa sababu wanyama wa porini ni wa serikali na sitaki kumtia mtu matatani. Naandika nilichokiona: ana mbwa watatu na mkuki, na mbwa hao hawakondi.

Alichuchumaa bandani akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Hakumgusa.

"Mama, huyu umemtoa wapi?"

"Kule bondeni. Alikuwa ametupwa."

Akatikisa kichwa. "Pongo hatupi mtoto. Anamficha. Anamlaza kwenye nyasi ndefu, anamwambia kaa hapa, na yeye anakwenda kula mbali ili harufu yake isimwitie adui. Anarudi kumnyonyesha asubuhi na jioni. Mtoto haondoki hata ukimkanyaga."

"Wewe umejuaje?"

"Nimejua kwa njia ambayo hutapenda kuisikia."

Nikainama nikamsogezea mbuzi majani.

"Jana jioni mama yake alibweka mpaka giza likaingia," akasema. "Hamkusikia?"

Tulisikia. Pongo hubweka karibu kama mbwa, na mume wangu alisema ni mbwa wa huyuhuyu jirani. Jirani akainuka, akakung'uta magoti. "Mrudishe leo. Kesho itakuwa kazi nyingine."

Alipoondoka nilichukua daftari mchana, jambo ambalo sifanyi, nikaandika: "Anataka nimrudishe ili ampate na mbwa wake." Sentensi hiyo nimeikata kwa mstari mmoja tu, ili isomeke. Nisingependa kuonekana kwamba sikuiandika.

Nilitaka mtu wa ukoo wetu aniambie nimefanya sawa. Nikampigia shangazi yangu kule Kashai. Ndiye mkubwa aliyebaki upande wa baba, miguu imechoka lakini sauti bado ni ya mtu wa kuita kutoka mlima mmoja hadi wa pili. Nikamwamkia, nikamweleza yote, jicho, kanga, mbuzi, kupe, sabuni. Alisikiliza bila kuitikia. Nikadhani simu imekatika.

"Shangazi?"

"Nipo, mwanangu. Mama yako alipokuwa analima kibanja, wewe alikuwa anakulaza wapi?"

"Chini ya mgomba, nadhani. Kwenye majani."

"Peke yako?"

"Akiwa upande wa pili, ndiyo."

"Na kama mtu angepita, akakuona, akasema loo, mtoto wa watu ametupwa, akakufunga kwenye kanga yake akaenda nawe. Kwa heshima kabisa. Akakuogesha na sabuni."

Nikamsikia binti yangu nyuma yake anauliza kuna nini, shangazi akamwambia, "Mama yako ameiba mtoto." Kisha akanirudia. "Sikiliza. Tuliambiwa tusimle. Hakuna aliyetuambia tumlee. Mrudishe kabla maziwa ya mwenzako hayajakauka. Na wageni kesho uwapokee vizuri."

Nilikaa kwenye kigogo mlangoni. Sikuona aibu kwa sababu ya wizi tu. Niliona aibu kwa sababu jirani alikuwa ameniambia neno lilelile saa mbili kabla, na mimi sikulisikia kwa kuwa lilitoka kwake.

Nikavuka kibanja nikaenda kwake. Nilimkuta anapika ndizi.

"Nisaidie kumrudisha," nikasema.

Hakunicheka. Aliepua sufuria, akawafunga mbwa wote watatu kwa minyororo, mmoja mmoja, huku akiwaambia maneno ambayo sikuyasikia. Mkuki ulikuwa umeegemea ukuta. Aliutazama, akaniona namtazama, akauacha.

"Umemwogesha na nini?" akauliza tulipofika bandani.

"Sabuni ya mche."

"Ee Mungu wangu." Akafikiri. "Kanga usiilete. Ule mzigo wa nyasi ulioacha kulekule, tutamsugua nao. Tukimpaka udongo wa kwao labda mama yake atamtambua."

Labda. Ndilo neno alilotumia, na mimi nililibeba njiani pamoja na mtoto.

Lakini kwanza kulikuwa na mbuzi. Tulipomtoa mtoto bandani, mbuzi alilia. Alikuwa na mtoto wake mwenyewe pale pale, mzima, ananyonya, na bado alilia na kuvuta kamba mpaka shingo ikageuka. Hilo nalo lazima niliandike. Nilikuwa namrudishia mama mmoja kwa kumnyang'anya mwingine, na huyu wa pili nilimfundisha mimi mwenyewe kupenda.

Mume wangu alibaki kumtuliza. "Nenda," akaniambia. "Nyasi za sebuleni nitajua la kufanya." Hakujua la kufanya, kwa sababu nyasi zilizokuwapo ni mizigo miwili tu, na jirani alikuwa amekataza mtu yeyote kukata tena kwenye rweya mpaka mambo yaishe. Lakini alisema, na nilikwenda nikiwa mwepesi zaidi.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Mzigo wa tatu ulikuwa palepale, umeanza kunyauka. Tukamsugua mtoto kwa zile nyasi, mgongoni, tumboni, masikioni, jirani akachukua udongo mbichi akampaka pia miguuni. Kisha nikamweka pale nilipomtoa. Alijikunja mwenyewe, akalaza masikio, akaganda. Kama vile hakuwahi kuondoka. Kama vile siku nzima ya kwangu haikuwapo.

Tulikwenda kukaa mbali, juu kidogo, upande ambao upepo unatujia usoni. Jirani alinionyesha kwa kurusha majani makavu hewani. Tukasubiri.

Jua lilipogusa vilima mama yake akabweka, karibu kuliko nilivyotarajia. Halafu akatoka kwenye kichaka, jike, mwekundu, shingo nyembamba. Akapiga hatua tatu. Akanyanyua mguu mmoja akaushikilia hewani, ananusa. Akapiga kwato chini. Akarudi kichakani.

Akatoka tena, hatua tano. Akanusa. Akarudi.

Mara ya tatu alifika karibu kiasi kwamba angeinamisha kichwa angemgusa. Nilimshika jirani mkono bila kujua. Pongo alishtuka ghafla, akaruka pembeni, akaondoka mbio, na hakutoka tena.

Giza lilikuwa linaingia.

"Namchukua," nikanong'ona. "Ataliwa hapa."

"Ukimchukua leo, kesho usinisumbue."

"Kuna mbweha. Kuna mbwa wasio na mwenyewe."

"Wapo. Sikudanganyi." Alikuwa anaangalia kichaka, si mimi. "Lakini yule mama yupo pale ndani. Anatuona. Anasubiri tuondoke. Sabuni yako imemkera, na sisi tumemkera zaidi. Tukikaa hapa hatakuja. Tukimchukua mtoto, hatakuja tena kabisa."

"Na kama umekosea?"

"Basi nimekosea," akasema. "Na wewe utaniandika."

Sikujua kwamba anajua ninaandika. Tuliinuka tukaondoka. Ni hatua ngumu kuliko zote nilizowahi kupiga kwenye uwanda ule, na nimewahi kuupita nikienda kuzika.

Usiku sina la kusema juu yake isipokuwa kwamba ulikuwa mrefu, na mume wangu aliniambia mara moja tu, "Shemeji amelala kwao. Lala na wewe."

Jumamosi, siku ya wageni, nilitoka saa kumi na mbili kasoro, umande ukanilowesha mpaka magotini. Nilikuwa naomba njiani, na nilikuwa nimejitayarisha kuona damu. Nilipofika pale juu nilimkuta jirani amekwisha kukaa, mahali palepale pa jana, koti limelowa. Hakuwa na mkuki wala mbwa. Ni dhahiri alikuwa amefika kitambo. Aliinua kidole kimoja, nisiseme.

Chini, mbele ya kichaka, mama alikuwa amesimama, na mtoto yuko chini ya tumbo lake. Anasukuma kwa kichwa, mara mbili, kama alivyomsukuma mbuzi wetu, na mkia unatikisika. Mama alikuwa amegeuza shingo anamlamba mgongoni, anamlamba, anamlamba, palepale nilipopaka sabuni. Niliona anavyofanya kazi. Alikuwa ananifuta mimi.

Ilidumu muda wa kusema sala fupi. Kisha akainua kichwa, akatazama upande wetu, akaingia kichakani, na mtoto nyuma yake kwa miguu ile myembamba. Nyasi zikatikisika, zikatulia.

"Kasinge waitu," nikasema. Kwetu ni salamu ya heshima, na ni asante pia.

"Umeniambia mimi au yeye?" jirani akauliza.

"Wote."

Nikamweleza kuhusu ile sentensi ya daftarini. Nilidhani ni haki yake. Alinisikiliza, akafikiri kidogo huku akikamua maji kwenye ncha ya koti.

"Hukukosea sana," akasema. "Siku nyingine ingekuwa kweli."

Nilimwalika aje kula na wageni. Akasema hana shati. Nikamwambia mume wangu anayo mawili. Akaja.

Wageni walifika saa saba, wazazi wa kijana na kijana mwenyewe, pamoja na binti yangu aliyekuja nao kutoka mjini. Nyasi zilikuwa zimetandazwa kwa ile mizigo miwili. Mume wangu alifanya alichoweza: alianza ukutani, akaja mbele, na katikati ya sebule zikaisha. Nusu ya ndani ilikuwa kijani na inanukia. Nusu ya mlangoni ilikuwa saruji tupu, hata mpaka wake haukunyooka. Binti yangu aliona akafumba macho.

Mama wa kijana alivua viatu mlangoni. Ni mwanamke mnene, mpole wa sura, amevaa kitenge kipya. Alitembea kwenye saruji mpaka pale nyasi zinapoanza akasimama, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule.

"Mama," akaniambia, "nyasi hizi nimezikosa tangu bibi yangu afariki. Lakini mbona hazikufika mlangoni?"

Ningeweza kusema mvua. Nilikuwa nayo tayari mdomoni. Lakini jirani alikuwa amekaa pale kona na shati la mume wangu linalombana, ananiangalia. Nikasema kweli. Nikaeleza kuanzia mundu mpaka kulambwa kwa sabuni, na mahali pa aibu sikupaharakisha. Mume wangu aliongeza ya shemeji na sufuria. Baba wa kijana alicheka mpaka akaondoa miwani.

Mama yule hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, anazipapasa kwa kiganja. Halafu akamtazama binti yangu, aliyekuwa anapanga vikombe, akanigeukia mimi.

"Basi mama, nasi tuulize kabla hatujabeba kitu," akasema. "Huyu wenu mmemwacha kweli, au mmemficha tu?"

Ni hapo nilipoelewa walichojia. Nilikuwa nimeshughulika na nyasi, na sufuria, na pongo, siku tatu nzima, nisifikirie kwamba watu hawa wamekuja kuniomba mtoto wangu. Binti alikuwa ameshika kikombe hakiweki wala hakiinui. Nilimtazama vizuri. Ana shingo ya baba yangu.

"Nimemficha," nikasema. "Lakini ninyi mmeuliza."

Mama wa kijana akacheka sasa, akaniwekea mkono gotini, na mkono ule ulikaa pale mpaka chakula kikaletwa.

Jioni, walipokwisha kwenda, nilikwenda kumkamua mbuzi. Alinipiga teke, ndoo ikaenda upande wake. Nikampa majani mengi kuliko kawaida, nikakaa naye kidogo.